Ngemo ya Watu Arobaini na Mmoja

Kwemtindi, Lukozi
4 Februari 1973

Shemeji Paskali,

Sisi wazima. Dada yako mzima. Nimeanza na hilo kwa kuwa ndilo utakalolitafuta kwanza.

Naandika kwa kuamriwa. Tangu ubatizo wa mjukuu wetu Yunis, uliponiita kabaila mbele ya mchungaji nami nikakuita kasuku wa redio, Secilia hanisemeshi zaidi ya "chakula hicho" na "funga mlango". Wiki ya sita hii. Jana kaniita jikoni, kakaa kwenye kigoda, kanipa masharti. Anasema wewe ni mdogo wake wa tumbo moja, mimi ni mume wake, na amechoka kuwa katikati ya watu wazima wawili wanaotukanana. Tukikaa pamoja tunapigiana kelele, basi tuandikiane, maana karatasi haina koo.

Masharti ni haya. Barua zote nimsomee kwa sauti, kwa hiyo neno lisilosomeka mbele yake lisiandikwe. Kila mmoja ajibu kwanza swali la mwenzake, ndipo aulize lake, na swali liwe moja tu. Nikamwambia haya ni masharti ya watoto wa shule. Akasema, "Watoto wa shule wamewazidi."

Haya, swali langu. Wewe ni katibu wa Chama hapo Lushoto, unajua yanayopikwa. Huku tunasikia kila kijiji kitatoa shamba la ujamaa. Shamba langu la bondeni unalijua. Ndilo pekee lenye mfereji, ndilo linalotulisha huku juu pakikauka. Baba aliniachia. Mwaka hamsini na saba Mwingereza alinifunga wiki tatu kwa kukataa kuchimba matuta yake ya lazima, na nilipotoka nilikata kadi ya TANU, wewe ukiwa bado unavaa kaptula ya misheni. Kwa hiyo uhuru usinifundishe. Niambie hili tu: shamba la bondeni ni langu au si langu? Neno moja.

Shemeji yako,
Sefania


Lushoto
21 Februari 1973

Shemeji, shikamoo. Na wewe dada, shikamoo, najua unasikiliza.

Neno moja sina, nisamehe. Ardhi ni ya taifa, jasho ni lako. Lakini kama unaniuliza iwapo kuna mtu atakuja kukunyang'anya, hapana. Ujamaa ni hiari. Imeandikwa, na mimi ndiye ninayezunguka kuwafundisha watu kwamba ni hiari. Atakayegusa bonde lako apitie kwangu kwanza.

Lile neno kabaila nimelirudisha nilikolitoa. Kabaila ana watumishi. Wewe una jembe na mgongo mbovu.

Swali langu linatoka moyoni, si la mkutano wa hadhara. Mimi nilipelekwa misheni nikiwa na miaka saba, nikatoka hapo kwenda chuo, na mambo mengi ya nyumbani nimeyasikia tu. Nasikia ukiitisha ngemo wanakuja watu thelathini, arobaini, kulima shamba la mtu mmoja, na hakuna aliyewashika shingo. Sisi huku tunachoma petroli kuhubiri jambo hilohilo, watu wanasinzia. Je, ngemo si ujamaa?

Wako,
Paskali


Kwemtindi
11 Machi 1973

Shemeji,

Ulipoandika mgongo mbovu dada yako alicheka mpaka akafuta macho. Usiku ule alinisemesha. Nakushukuru kwa hilo, ingawa mgongo wangu ni mzima.

Swali lako sijui jibu lake. Nitakueleza ngemo ilivyo, upime mwenyewe. Nikiwa na kazi inayonishinda, napita nyumba kwa nyumba kwa miguu yangu. Simtumi mtu. Nasalimu, naulizwa habari, nakaa, halafu nasema keshokutwa nina kazi kidogo bondeni. Sisemi njooni. Siku yenyewe Secilia anapika makande. Wengine hupika na boha, ila mimi mzee wa kanisa sipiki pombe ya miwa, kwa hiyo ngemo yangu ni kavu. Watu wananung'unika na wanakuja. Keshokutwa jirani yangu Rubeni naye akiwa na kazi, mimi naenda kwake.

Na jambo moja ulishike. Hatuhesabu. Hakuna anayesimama kando kutazama nani kaja na nani kabaki, maana ukihesabu watu umeshawafanya vibarua. Asiyekuja ana sababu yake, na mkewe atakuja kumweleza Secilia kisimani.

Swali langu nalo usilichekee. Shamba likiwa la watu wote, nani anapika?

Mwezi wa sita, Jumamosi ya pili, nina ngemo bondeni, kuzibua mfereji na kupanda maharage. Njoo uone kwa macho yako. Uvae viatu vya kuchafua.

Sefania


Lushoto
20 Juni 1973

Shemeji, shikamoo. Dada, shikamoo, na makande yale Mungu akulipe.

Viganja vimetoka malengelenge, hata kalamu naishika kwa vidole viwili. Swali lako nimelikalia miezi mitatu. Sijui nani anapika. Nililipeleka ofisini, wakacheka, mmoja akasema serikali ndiyo itakayopika. Nikamwambia serikali haina sufuria. Basi nami nakiri kwamba sijui.

Shemeji, siku ile sijawahi kuona kitu kama kile. Wale watu wote kwenye mstari mmoja, kuanzia mfereji hadi lile jiwe kubwa, na wewe mwanzoni, na mzee Rubeni akiimbisha. Hakuna aliyekuwa mkubwa wa mwenzake. Nilipokaa chini ya mti wa mshai kwa ajili ya haya malengelenge, niliwatazama mmoja mmoja hadi mwisho wa mstari. Wenzangu ofisini nimewasimulia mpaka wamenichoka.

Swali langu. Uliponiona nalima ulifikiri nini? Sema kweli.

Paskali


Kwemtindi
8 Julai 1973

Shemeji,

Kweli yenyewe ni hii. Kwanza nilifikiri, huyu anashika jembe kama kalamu, atajikata mguu na dada yake ataniua. Pili nilifikiri, laiti ungekuwa jirani yangu tungepatana, tatizo ni kwamba ulisoma.

Watu waliniuliza mbona shemeji yako pale chini ya mshai alikuwa akiandika. Niliwaambia ni kazi aliyoizoea, akikosa cha kuandika anaumwa. Wakacheka. Maharage yameota vizuri. Secilia anasema uje Krismasi, na safari hii mtakula mezani wote.

Swali langu la leo ni dogo. Sisi wakulima tukikosea shamba linasema, kila apitaye njia anaona. Ninyi wa siasa mkikosea sioni pa kuonekana. Siku ukigundua umekosea, utasema?

Sefania


Handeni
15 Januari 1974

Shemeji, shikamoo. Dada, shikamoo.

Nisameheni ukimya wa miezi sita na Krismasi niliyowakosesha. Kama mnavyoona hapo juu, nimehamishwa. Wakubwa walipendezwa na kazi yangu ya Lushoto, wamenipandisha cheo. Huku nasimamia watu kuhamia vijijini. Sasa si hiari tena, ni amri, na tumepewa tarehe. Ni joto, ni miiba, watu wanakaa mbalimbali sana. Tunaondoka alfajiri.

Swali lako: nitasema.

Swali langu: mvua imenyesha huko?

Paskali


Kwemtindi
3 Machi 1974

Shemeji,

Mvua haijanyesha. Vuli ilitupita. Huku juu mahindi yamekaukia magotini.

Niliposoma kwamba swali lako ni la mvua, nilijua kuna jambo. Mtu aliyeniuliza kama ngemo ni ujamaa haulizi mvua.

Jumatano wamekuja watu watatu na kamba na mambo, vile vigingi vya mipaka, wakashuka bondeni bila kupita nyumbani. Nikawafuata. Mmoja, kijana mwenye adabu anaitwa Sheshe, katibu mpya kutoka Tanga, aliniamkia, akanipongeza. Nikamuuliza pongezi za nini. Akanionyesha karatasi iliyopigwa taipu. Juu imeandikwa: Shamba la Ujamaa la Kwemtindi, lililoanzishwa kwa hiari na wanakijiji arobaini na mmoja. Chini yake majina. La kwanza langu.

Niliyasoma yote nikiwa nimesimama. Hayakupangwa kwa herufi wala kwa ukoo. Yamepangwa kama tulivyosimama siku ile, kutoka kwenye mfereji hadi kwenye jiwe. Hata Timotheo, ambaye hakulima, alileta maji tu, yumo, palepale aliposimama na ndoo. Mtu wa ofisini hawezi kujua Timotheo alisimama wapi.

Wamepigilia mambo. Kuanzia Jumanne ni shamba la wote.

Nimejiuliza kama nina hasira. Nimeitafuta, sikuiona. Ni kama mguu uliokaliwa: unaufinya, unajua ni wako, hausemi kitu. Nimekula, nimelisha mbuzi, nimekaa kuandika.

Barua hii sikumsomea dada yako. Nimeandika nikiwa peke yangu, na jibu lako sitamsomea. Sharti nimelivunja mimi, dhambi ni yangu.

Orodha uliiandika wewe? Neno moja.

Sefania


Handeni
19 Machi 1974

Shemeji, shikamoo.

Ndiyo.

Dada anajua?

Paskali


Kwemtindi
23 Juni 1974

Shemeji,

Hajui. Anadhani ni mambo ya wakubwa. Barua yako ya neno moja nilimsomea kwa muda mrefu, maana ilibidi niitunge. Nilimwambia unamsalimu, unaumwa mafua, Handeni kuna ng'ombe wengi. Alisikiliza akichambua mchicha. Ni mara ya kwanza namdanganya tangu nimwoe, na nimegundua kwamba si kazi ngumu.

Ulitaka kuujua ujamaa wetu, nakupa habari zake. Jumanne na Alhamisi kinagongwa kipande cha reli. Watu wanakuja, kwa sababu kuna daftari, na Sheshe anatia vyema kwenye majina. Si mtu mbaya. Ana mtoto mdogo na anaona baridi. Tunashika majembe. Mfereji umeziba tangu mwezi wa nne na kila mtu anangoja aambiwe azibue. Maharage tumepanda juzi, wiki mbili baada ya wakati wake, umande wa Julai utayakuta machanga. Mchana kila mtu anatoa kiazi chake mfukoni, anawageuzia wenzake mgongo, anakula. Hakuna aliyepika.

Kwa kuwa jina langu ni la kwanza wamenifanya mwenyekiti wa shamba. Kwa hiyo watu wanadhani niliwauza mimi. Rubeni, ambaye mwaka hamsini na saba tulilala naye sakafu moja lupango, ananisalimu kama anavyomsalimu karani.

Mwezi wa tano nilipita nyumba kwa nyumba, nikasema keshokutwa nina kazi kidogo shamba la juu. Walinikaribisha vizuri. Walinipa kiti. Walisema tumesikia, mzee. Secilia akapika makande ya watu arobaini. Hakuja mtu, Paskali. Hata mmoja. Hata wake zao hawakuja kisimani kueleza sababu. Wote wanajua sasa kwamba ukienda kwa Sefania unaandikwa. Makande tuliyala siku nne, siku ya tano tukawapa mbuzi.

Dada yako alisugua sufuria siku ile muda mrefu sana.

Swali langu. Ulipokuwa unaandika, ulikuwa unafikiri nini? Wewe uliniuliza hivyo nami nikakujibu kweli.

Sefania


Handeni
1 Septemba 1974

Shemeji, shikamoo.

Nilifikiri nawafanyia jambo jema. Niliandika majina kwenye daftari nisiwasahau, hilo ni kweli. Jioni nikiwa Lushoto nikaandika ripoti. Niliandika, tazameni, tunachohangaika kukijenga, Kwemtindi kipo, na wanakifanya kwa hiari. Neno hiari nililipigia mstari kwa wino mwekundu. Niliona fahari. Nilitaka wakubwa wajifunze kwako. Ulikuwa umeniambia tusihesabu, nikahesabu, kwa sababu kichwani kwangu kitu kisichohesabiwa hakiwezi kupelekwa mbele. Walipoipokea wakanipandisha cheo. Nilijua kwa nini nimepandishwa. Januari nilipokuuliza mvua, nilikuwa najua tayari kwamba mambo yanakuja. Nilishindwa kuandika kwa sababu dada angesikia, halafu nikaona uoga huo ni kisingizio kizuri, nikakaa nacho.

Nakueleza na mengine. Wiki iliyopita tulifika kwa mzee mmoja anaitwa Mbaraka, anaishi yeye na mkewe porini, mwendo wa saa mbili kutoka barabarani. Alikuwa amepewa tarehe mara tatu. Tuliambiwa tuivute nyumba chini ili asirudi. Akatuomba tungoje atoe mkeka. Tukangoja. Akautoa, akaukunja vizuri, akasema haya. Kamba niliishika mimi pamoja na vijana wawili. Nguzo zilikuwa zimeliwa na mchwa, hazikutusumbua. Kisha akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama huko tunakompeleka kuna maji. Nikasema yapo. Hayapo. Mkewe akatupa maji ya kunywa kutoka kwenye mtungi wao, na nilikunywa.

Jioni yake tuligawa unga wa njano wa msaada. Nilikula ugali wake na nikalala vizuri. Hilo ndilo linalonitisha, kama bado nina kitu kinachotishika. Zamani ningekutumia kurasa tatu za kutetea. Bado naamini watu wakikaa pamoja watapata shule na zahanati, sitakudanganya kwamba nimegeuka kuwa wa upande wako. Ninachosema ni kwamba naamini hivyo na mikono yangu imefanya vile, na vitu hivyo viwili havisalimiani.

Naweza kuandika ripoti nyingine. Niseme ile ya kwanza ni uongo, kwamba lile lilikuwa ngemo, shamba la mtu mmoja, na majina niliyachukua bila kuwauliza wenyewe. Sidhani kama watanibakiza kazini. Swali langu: niandike?

Paskali


Kwemtindi
29 Septemba 1974

Shemeji,

Hapana, hilo sitakujibu. Ukiandika kwa kuwa nimekwambia uandike, itakuwa ni mimi nimeandika, na mimi nimeshachoka kuandikwa kwenye karatasi zako. Hilo ni lako peke yako.

Maharage yalikufa. Huku nako tunakula unga wa njano. Tunaupangia foleni juu ya kilima, na kutoka hapo unaliona bonde lote. Kuna maji kwenye mfereji, kidogo, yanapita kando ya magugu na kwenda zake. Watu wanayatazama. Mimi pia nayatazama. Jumanne iliyopita nilichukua jembe nikazibua kipande, Sheshe akaniambia kwa upole, mzee ngoja siku ya zamu. Nikangoja.

Habari ya mzee Mbaraka nimeisoma. Umeiandika bila kujisafisha, na nimeliona hilo.

Sina swali.

Sefania


Handeni
26 Januari 1975

Shemeji, shikamoo.

Niliandika. Nilipeleka mwezi wa kumi kwa mkono wangu mwenyewe. Mwezi wa kumi na mbili niliitwa. Walikuwa watu wazuri, walinipa chai. Wakatoa ripoti yangu ya kwanza, wakaiweka mezani, wakaniuliza mwandiko huu ni wa nani. Nikasema wangu. Na huu mstari mwekundu? Wangu. Wakasema, ndugu, shamba lililoanzishwa na wananchi kwa hiari yao, ni nani mwenye mamlaka ya kulifunga? Nikawaambia hawakulianzisha, niliwaandika mimi. Wakasema basi ama ulidanganya wakati ule au unadanganya sasa, na vyovyote hatuwezi kukaa na wewe.

Kwa hiyo bonde halirudi. Nilitaka usikie kwangu kabla ya kusikia kwa Sheshe. Nilitumia nilichokuwa nacho, na hakikutosha.

Nyumba ya kazi natakiwa niiache mwisho wa Februari. Nimefunga vitabu kwenye kasha. Sijui naenda wapi, na hilo pia nalisoma kama habari ya mtu mwingine. Nafikiri Tanga. Nimeandika barua hii ili uache kungoja.

Msomee dada ukitaka. Sikuombi umsomee wala umfiche.

Paskali


Kwemtindi
9 Februari 1975

Mdogo wangu Paskali,

Anayeandika ni binti yetu Raheli, amekuja kutoka kwa mumewe, mimi natamka. Nimemkataza kurekebisha maneno yangu.

Barua zako zote nimezisikia. Zile ambazo mume wangu alizificha kwenye sanduku la vyeti vya ubatizo, Raheli alikuwa akija kunisomea mzee akienda shambani. Nilianza siku ile ya Machi, aliponisomea habari za ng'ombe. Wewe hujawahi kutaja ng'ombe maisha yako yote. Nilijua anatunga, na nilijua kwa mtu kama yeye kutunga lazima kuna kitu kibaya. Mwaka mzima nimekaa kimya. Si kwa upole. Nilijua nikisema nimejua, mtaona aibu mbele yangu na mtaacha kuandikiana, na wewe kule ulikuwa huna mtu mwingine wa kumwambia kweli, naye huku alikuwa hana. Basi nikawa nachambua mchicha nasikiliza uongo.

Jana nimemwambia. Alikaa. Akasema, "Kwa hiyo sufuria ile ya makande uliisugua ukijua." Nikasema ndiyo.

Sasa nisikilize. Tanga huna mtu. Chumba cha Raheli kiko wazi tangu aolewe, kina kitanda na dirisha zima. Nimemuuliza mume wangu, umemsamehe Paskali? Akasema hapana. Nikamuuliza, aje? Akauzungusha uji bakulini mpaka ukapoa. Akasema aje.

Mimi pia sijakusamehe. Umetuondolea chakula, na umetuondolea watu. Bonde lingechukuliwa na mtu mwingine tungelia na majirani zetu. Kwa sababu yako tunalia wenyewe, na sasa hata kulia hatulii. Nakuambia haya yote nikiwa nataka uje, ili usije ukidhani yameisha.

Rubeni nimemwendea mwenyewe. Nilimwambia nani aliandika na kwa nini, na kwamba huyo aliyeandika anakuja kukaa kwangu. Alinisikiliza akichonga mpini. Hakusema atakuja kutusalimu, hakusema hatakuja. Ukifika utapita nyumba zote za wale uliowaandika, moja moja, kwa miguu yako, na kila nyumba utasema ulichofanya. Wakikupa kiti, kaa. Wasipokupa, sema ukiwa umesimama. Usihutubie.

Panda basi la Mombo, ulale Lushoto, ufike huku Jumatatu. Jumanne kipande cha reli kinagongwa na nyumba yetu yote inashuka bondeni, utashuka nasi. Mume wangu ameshakuwekea mpini jembe lako. Amesema atalima mstari ulio kando ya wako, na tusimtegemee aongee.

Dada yako,
Secilia